Upindo

Mzani wa zahanati uliishia mia na ishirini.
Mshale ukagonga ukingo, ukatetemeka, ukatulia.
Nesi akatazama dirishani kwa adabu,
kama mtu aliyekufuma ukivaa.

Wakanipeleka kwa Mwakatobe, ghalani,
wanapopima mchele wa Kyela.
Nilipanda baada ya gunia na kabla ya gunia.
Kijana wa daftari hakucheka, kwa hilo namkumbuka.
Aliandika: Subilaga, 147.
Chini yake: mchele, daraja la kwanza.

Mimi ni fundi cherehani, hapa Uyole.
Najua viuno vya wake wa wachungaji hadi Igawilo,
najua nani hubana pumzi ninapompima,
namwongezea inchi mbili, simwambii.
Ila utepe wangu mwenyewe haukunifikia tena
tangu nimzae Lusajo.
Usiku koo lilijifunga kama mfuko wa kamba.
Nilikuwa nikilala nimekaa.

Wiki mbili kabla ya kisu:
ini linywee, alisema daktari, lipishe njia.
Maji. Supu iliyochujwa hadi ikamsahau kuku.
Uji unaouona chini ya kikombe.
Wiki hiyohiyo jirani akafiwa,
masufuria saba uani, mbalaga na nyama,
mvuke ukipenya matete
ukiniita kwa jina langu la utotoni.
Nilimenya ndizi beseni zima.
Mikono ikajaa utomvu. Sikuonja.

Kwenye fomu niliweka sahihi chini ya neno *naelewa*.
Sikuelewa yote.

Nilizinduka mdomo mkavu kama barabara ya Septemba.
Robo tatu ya tumbo wameitoa,
sikuuliza walikoizika.
Matundu matano. Niliukagua ushono kwa jicho la kazi:
hatua sawa, uzi haujavuta.
Nikamuuliza daktari, nani alikufundisha kushona?
Akacheka yeye. Mimi kucheka kuliuma.

Kisha nyumbani, na Juni, na Loleza imejifunika.
Mimi niliyekuwa nikishona masweta ya watu na sivai,
nikaijua baridi ya Mbeya nikiwa na miaka arobaini na mitatu.
Kikombe cha dawa ya kikohozi ndicho sahani yangu.
Kijiko. Ngoja. Kijiko.
Nywele zikabaki kwenye kitana.
Siku moja nililiharakisha tonge,
likasimama kifuani
kama mgeni asiyepewa kiti.

Mama alikuja kutoka Tukuyu na mkungu mzima.
Akapika, akapakua, akakaa kunitazama.
Akahesabu: vijiko vitatu.
"Nimekukuza kwa jembe," akasema,
"leo unanirudishia sahani."
Nikala cha nne.
Nikatapika nyuma ya nyumba, polepole,
asisikie.

Na Mwanjelwa wanasema Subi amekwisha.
Zamani waliniambia nimenawiri, nami nikihema ngazini;
sasa napanda mpaka juu bila kupumzika
na wananipa pole.
Mmoja alinivuta kando ya vitunguu,
akaninong'oneza kwamba siku hizi dozi ni kidonge kimoja tu,
nisiogope, hata shemeji yake anatumia
na amejenga.
Nikamshika mkono, nikasema ndaga.
Alikuwa amepungukiwa habari, si upendo.

Jana nilishusha lile gauni la kijani
nililovaa Lusajo alipobarikiwa.
Tungeingia wawili.
Nimelipunguza, inchi tisa kila upande,
na mguu wangu juu ya pedali ulikuwa mwepesi
mpaka cherehani ikaenda mbio kuliko nilivyozoea.
Fundi mwingine angeikata ile ziada, akashona foronya.
Mimi nimeiacha ndani, imekunjwa,
inanikwaruza mbavu nikiinama.

Mama ameuliza kwa nini.
Nimemwambia kitenge kizuri hakikatwi.
Utepe sasa unanizunguka na kuzidi,
ncha yake inaning'inia hadi gotini.
Bado sijazoea kuishika.